Kichaka Kimenawiri, Maua Hakuna: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Bustani Mwanza

Majibu haya yanahusu vichaka vya maua vinavyopandwa majumbani Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria: bogonvilia, haibiskasi, waridi, alamanda, iksora na vingine vya jamii hiyo. Hayahusu kichaka kinachonyauka au kuoza shina. Yanahusu kile ambacho kina afya, kina majani ya kupendeza, na bado hakimpi mwenyewe ua hata moja.

Kichaka changu kina majani mengi ya kijani kibichi lakini hakichanui. Je, kinaumwa?

Mara nyingi hakiumwi. Mmea hutengeneza sukari kwenye majani kwa nguvu ya jua, na sukari hiyo hutumika ama kurefusha matawi, majani na mizizi, ama kutengeneza maua na mbegu. Kichaka kinapopata maji kila siku na mbolea yenye naitrojeni nyingi, huku jua likikifikia kwa saa chache tu, huelekeza karibu kila kitu kwenye majani. Kwa hiyo majani mazuri kupita kiasi ni dalili mojawapo ya jambo lenyewe, na ndiyo maana dawa za kuua ukungu au wadudu ambazo watu hukimbilia kununua hazibadilishi chochote.

Nianze kuchunguza wapi?

Anza na jua, kisha mkasi, kisha maji na mbolea, na mwisho aina na umri wa mmea. Mpangilio huu hauna uchawi; unafuata tu namna matatizo yanavyojitokeza kwa wingi kwenye nyua za mjini, na una faida kwamba mambo matatu ya kwanza huchunguzwa bila kutoa shilingi. Watu wengi huanza na la mbolea kwa sababu ndilo linalouzwa dukani.

Kichaka kilichanua vizuri kuanzia Novemba hadi Februari, lakini ifikapo Juni hutoa majani matupu. Jua si ni lile lile mwaka mzima?

Urefu wa mchana kweli haubadiliki sana hapa, kwani Mwanza iko takribani nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kabisa wa mwaka haifiki nusu saa. Kinachobadilika ni upande ambao jua linapita. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi inayobaki huwa upande wa kusini. Mwenye nyumba asiyelijua hili hupanda kichaka chake mwezi Desemba, akaona mahali hapo panawaka jua, akaridhika.

Chukua mfano wa ukuta wa uzio wenye kimo cha mita 2.5 unaotoka mashariki kwenda magharibi. Adhuhuri ya mwishoni mwa Juni ukuta huo hutupa kivuli cha takribani mita 1.2 kuelekea kusini. Kwa kuwa msimu huo jua hubaki upande wa kaskazini tangu linapochomoza hadi linapozama, kichaka kilichopandwa sentimita 50 kutoka ukutani, upande wake wa kusini, hukaa kivulini kutwa, isipokuwa matawi yake ya juu yanayokaribia au kuuzidi ukuta. Desemba mambo hugeuka: kivuli cha adhuhuri, chenye urefu wa karibu mita 1, huangukia upande wa kaskazini. Nyumba yenye paa refu au ghorofa hutupa kivuli kikubwa kuliko hicho. Ukiona basi kwamba maua machache uliyo nayo yote yako juu, pale matawi yanapovuka ukuta, jibu umekwisha kulipata.

Kwenye miinuko ya Isamilo, Bugando na Capri Point kuna jambo jingine, nalo ni mawe. Jabali lenye ukubwa wa nyumba likiwa upande wa magharibi wa bustani huondoa jua lote la alasiri, na kwa kuwa asubuhi ndipo tunapotoka nje kutazama mimea, tunaamini kwamba mahali hapo pana jua la kutosha. Kitazame kichaka saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, kisha urudie zoezi hilo katika msimu mwingine. Bogonvilia na waridi zinahitaji walau saa sita za jua la moja kwa moja kila siku ili zichanue vizuri, na mahitaji ya haibiskasi si pungufu sana ya hapo. Jua linalochujwa na majani ya mwembe halihesabiwi.

Dawa ni kuhamisha kichaka ikiwa bado kidogo, jambo linalofanyika vizuri zaidi mvua za vuli zinapoanza, au kupunguza matawi ya mti unaokifunika. Kama haiwezekani kufanya lolote kati ya hayo, panda hapo mmea unaopendezesha kwa majani yake, na uache kugombana na ukuta.

Mtunza bustani hukata uzio wangu wa haibiskasi kila baada ya wiki mbili au tatu, nao umenyooka vizuri sana. Kwa nini uzio wa jirani asiyeukata una maua kuliko wangu?

Kwa sababu huyo jirani anaacha maua yake yafike. Haibiskasi hubeba matumba kwenye machipukizi mapya, katika kwapa (pale jani linapoungana na tawi) za majani yaliyo karibu na ncha. Chipukizi hutoka, hurefuka, hutoa majani kadhaa, na ndipo tumba dogo la kijani, lililozungukwa na vijani vyembamba kama sindano, linapoanza kuonekana. Safari yote hiyo, kutoka kukatwa hadi kuchanua, kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu. Mkasi unaopita kila baada ya wiki mbili hukata ncha hizo kabla hazijafika popote, na mmea hujibu kwa kutoa machipukizi mengine mengi zaidi, ambayo nayo hukatwa kwa wakati wake. Uzio unakuwa mnene na mzuri, lakini hauna maua.

Fanya uchunguzi mdogo kabla ya kuamini maneno haya. Siku ya kukata, okota konzi moja ya vipande vilivyoanguka chini na uvitazame nchani kimoja kimoja. Ukikuta vitumba vya ukubwa wa punje ya mchele au mtama, basi maua yako yamo ndani ya toroli, yanapelekwa kutupwa.

Mtunza bustani hana kosa, kwa sababu tunamlipa na kumsifu kwa unyoofu wa uzio. Ni vizuri kuelewana naye mapema: uzio wa barabarani, unaotakiwa kuwa ukuta wa majani, aendelee kuukata, vichaka vya ndani ya ua avikate kwa nguvu mara moja au mbili tu kwa mwaka, na katikati ya hapo aondoe matawi yaliyokauka na yale machache yanayokwaza njia. Ukiogopa kukaa miezi miwili bila ua lolote, kata theluthi moja ya matawi, subiri wiki chache, kisha kata theluthi nyingine. Iksora na alamanda huchanua pia kwenye ncha za matawi mapya, kwa hiyo kanuni ni hiyo hiyo.

Bogonvilia yangu imepanda hadi juu ya paa, ina miiba mirefu, na namwagilia kila jioni. Mbona ile iliyo kando ya barabara, isiyo na mtu wa kuimwagilia, imefunikwa na maua?

Swali lina jibu ndani yake. Bogonvilia asili yake ni Amerika Kusini, na mmea uliobeba jina la baharia Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville uliandikwa na wataalamu baada ya msafara wake kupita Brazil mwaka 1767. Ni mmea uliozoea kipindi cha ukame, na ukame huo ndio unaoushtua uache kurefuka na kuanza kuchanua. Mwanza tuna kiangazi kinachofaa kabisa kwa kazi hiyo, kuanzia Juni hadi Septemba hivi, na ndiyo maana bogonvilia zisizotunzwa hupendeza mno katika miezi hiyo. Anayefungua bomba kila jioni ya Julai anauondolea mmea kiangazi chake.

Kuhusu miiba, tazama kwa karibu tawi lenye maua na tawi lisilo nayo. Utaona kwamba mwiba na kikonyo cha ua hutokea mahali pale pale, yaani kwenye kwapa la jani. Mwiba wa bogonvilia ni kikonyo cha ua kilichobadilika: chipukizi linapokua kwa kasi, lenye maji na naitrojeni tele, kile ambacho kingekuwa kikonyo hukomaa kikawa mwiba; ukuaji unapopungua, hutoa maua. Fimbo ndefu yenye urefu wa mita mbili, iliyojaa miiba toka chini hadi juu, inakuambia waziwazi jinsi ilivyolishwa. (Yale makaratasi ya zambarau au machungwa tunayoyaita maua ni majani yaliyopata rangi; maua yenyewe ni vile vibomba vitatu vidogo vyeupe vilivyo katikati yake.)

Kwa bogonvilia iliyokwisha kushika ardhini, acha kabisa kumwagilia baada ya masika kuisha. Kwa iliyo kwenye chungu, subiri hadi majani yaanze kulegea kidogo, ndipo umwagilie hadi maji yatoke chini, kisha usubiri tena. Usikimbilie kuihamishia kwenye chungu kikubwa, kwa kuwa huchanua vizuri mizizi ikiwa imebanwa. Ukitaka kuipogoa, fanya hivyo mwishoni mwa Mei ili machipukizi mapya yakutane na ukavu. Wiki sita hadi nane baadaye utaanza kuona rangi. Tahadhari ni moja: usiyapeleke mafunzo haya kwa waridi, gadenia au haibiskasi, ambazo zikikosa maji hudondosha matumba.

Ninaweka samadi ya kuku kila mwezi, na wakati mwingine urea. Je, niongeze?

Hapana, pumzika. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, na naitrojeni ndiyo lishe ya majani. Samadi ya kuku nayo ina naitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe, na ikiwekwa mbichi inaweza hata kuunguza mizizi. Wapo pia wanaofukia mabaki ya dagaa na utumbo wa samaki chini ya maua, na hayo nayo yakishaoza hutoa naitrojeni tele, mbali na kuwaalika paka wa mtaa mzima kuja kuchimba. Usisahau majani ya ukoka: ukiyawekea urea yakue, mizizi ya kichaka kilicho jirani huila urea hiyo bila kualikwa.

Aina ya udongo huamua ukubwa wa kosa. Kwenye udongo wa kichanga uliotokana na mawe ya miinuko, ambao Wasukuma huuita luseni, naitrojeni huoshwa upesi na mvua, kwa hiyo kichaka kilichozidishiwa kinaweza kurudi katika hali yake baada ya msimu mmoja wa mvua. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaonata masika na kupasuka kiangazi, maji na rutuba hukaa muda mrefu na subira inatakiwa zaidi. Mboji iliyoiva vizuri, mara moja au mbili kwa mwaka, inakitosha kichaka cha nyumbani.

Na hizo mbolea za chupa zinazosemwa kwamba zinaleta maua?

Nyingi zina fosforasi kwa wingi, na wauzaji hudai kwamba fosforasi huita maua. Ukweli ni kwamba fosforasi ikipungua udongoni mmea hushindwa kuchanua vizuri, lakini ikishatosha, kuongeza zaidi hakuongezi ua. Ikizidi sana inauzuia mmea kutumia madini ya chuma na zinki, na majani huanza kupauka. Kichaka kilichonenepa majani, kinachokua kwa kasi, ni nadra kuwa na upungufu wa fosforasi. Majivu ya kuni yana potasiamu na yanafaa kwa kiasi kidogo, ila yanapunguza uchachu wa udongo, na iksora na gadenia zinapenda udongo wenye uchachu. Kwa sababu hiyo hiyo, vichaka hivyo viwili havipendi kupandwa kwenye vifusi vya saruji vinavyobaki kando ya nyumba mpya.

Waridi langu lilikuwa na maua makubwa mekundu. Sasa limerefuka sana, lina nguvu kuliko zamani, lakini halichanui au linatoa vijiua vidogo vya rangi nyingine. Limebadilika?

Halikubadilika, limepinduliwa. Mawaridi mengi yanayouzwa kwenye vitalu hubebeshwa, yaani chipukizi la waridi zuri huunganishwa na shina la waridi la porini lenye mizizi imara. Shina hilo la chini likipata nafasi hutoa machipukizi yake lenyewe, na kwa kuwa yana nguvu zaidi, baada ya muda huinyima chakula sehemu ya juu hadi ikafa.

Fukua udongo taratibu kwa vidole kuzunguka shina hadi uone kifundo, mahali ambapo shina limevimba kidogo na gome lake linabadilika. Tawi lolote linalotoka chini ya kifundo hicho ni la mgeni, na mara nyingi utalitambua pia kwa majani madogo yenye rangi iliyofifia na miiba ya umbo tofauti. Lishike karibu na lilipotokea, ulivute kuelekea chini ling'oke pamoja na kitako chake, kwa sababu likikatwa kwa mkasi juu ya ardhi huchipua tena. Ikiwa juu ya kifundo hakuna tena tawi hai, waridi lako la zamani halipo na hakuna mbolea itakayolirudisha.

Haibiskasi inatoa matumba, lakini yanadondoka kabla hayajafunguka. Hilo nalo ni kutochanua?

Ni tatizo tofauti na lina sababu zake. Pasua tumba moja lililodondoka. Ukiona vidudu vyembamba vidogo vinavyokimbia kati ya petali, hao ni thiripi; ukiona vifunza, kuna inzi mdogo aliyetaga humo. Okota matumba yote yaliyoanguka na uyafukie mbali au uyachome, kwa maana wadudu huendeleza uzao wao ardhini. Usipoona mdudu yeyote, fikiria maji: kichaka kilichokauka siku nne kisha kikafurikishwa mara moja hudondosha matumba. Kumbuka pia kwamba ua la haibiskasi za kawaida hudumu siku moja tu, na anayetoka alfajiri na kurudi usiku anaweza kudhani halikuwepo.

Nililetewa haidranjia kutoka Lushoto ikiwa imechanua. Tangu ifike Mwanza, mwaka wa pili sasa, ni majani tu.

Aina inayojulikana zaidi ya haidranjia huhitaji wiki kadhaa za baridi ya wastani, chini ya nyuzi 18 hivi, ili itengeneze matumba. Kwenye milima ya Usambara baridi hiyo ipo. Mwanza, licha ya kuwa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, joto la mchana huwa juu ya kiwango hicho karibu kila siku ya mwaka. Isitoshe, hubeba matumba kwenye matawi ya msimu uliopita, hivyo anayeikata ili kuichangamsha anaondoa hata tumaini dogo lililokuwepo. Ifurahie kwa majani yake, au mpe ndugu anayekaa nyanda za juu.

Je, taa ya ulinzi inaweza kuzuia maua?

Kwa mimea michache, ndiyo. Mfano wa wazi ni poinsetia, ile yenye majani mekundu inayouzwa sana duniani wakati wa Krismasi. Hupima urefu wa usiku na huhitaji giza refu lisilokatizwa, usiku baada ya usiku kwa wiki kadhaa, ili iwe nyekundu. Usiku wetu wa takribani saa kumi na mbili uko karibu na mpaka wa kile inachokihitaji, kwa hiyo taa inayowaka juu yake hadi asubuhi inaweza kuiacha kijani mwaka mzima. Ishara yake ni upande mmoja wa kichaka, ulio mbali na taa, kuwa mwekundu huku ule mwingine ukibaki kijani. Geuza taa, au ikinge. Haibiskasi na waridi hazijali taa hiyo.

Mche nimeupanda mwaka jana. Niwe na wasiwasi?

Inategemea ulivyopatikana. Mche uliotokana na kipandikizi, yaani kipande cha tawi la mmea uliokwisha kuchanua, unaweza kutoa maua ndani ya mwaka mmoja au miwili. Uliotokana na mbegu lazima kwanza upite utoto wake, na katika vichaka vingine utoto huo huchukua miaka kadhaa. Muulize aliyekuuzia kabla ya kulaumu udongo.

Wazee husema mti usiozaa utishwe kwa panga au upigwe misumari. Inafaa kwa vichaka?

Desturi hiyo ina chembe ya ukweli. Gome likijeruhiwa, sukari inayoshuka kwenda mizizini huzuiliwa kwa muda na kurundikana juu ya jeraha, na kwa mti mkubwa kama mwembe jambo hilo huweza kuchochea maua. Kichaka chenye shina la unene wa kidole gumba hakina gome la kuchezea: jeraha likizunguka shina lote, mizizi hufa njaa na kichaka hufuata. Kupunguza maji na mbolea huleta mshtuko ule ule bila damu.

Nikisharekebisha sababu, nisubiri muda gani kabla ya kukata tamaa?

Kwa kasoro ya mkasi, miezi mitatu inatosha kujua. Kwa maji ya bogonvilia, kiangazi kimoja. Naitrojeni iliyozidi huhitaji kupitia vuli na masika, na kichaka kilichohamishwa kipewe mwaka mzima kwa sababu mizizi ndiyo itakayojijenga kwanza. Badilisha jambo moja kwa wakati, na uandike mwezi uliolibadilisha, kwani mtu akihamisha, akapogoa na kubadili mbolea katika juma moja hatajua kamwe ni lipi lililosaidia. Muda huo ukipita bila tumba lolote, kata vipandikizi vitatu au vinne, uvioteshe mahali tofauti kabisa penye jua, ndipo ung'oe kile cha zamani.